Akiba kwa wenye kipato cha kawaida: maswali tunayoulizana marafiki kila mwisho wa mwezi

Mishahara ikitoka, maswali ni yale yale: nianze wapi, niingie mchezo au kikoba, UTT ni kitu gani, huu mkopo wa simu nichukue au niache. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa rafiki zangu. Mifano ni ya Tanzania na hesabu zote ni za shilingi. Utaona swali moja linarudi karibu kila mahali: pesa hii utaihitaji lini? Ukishalijibu hilo, mahali pa kuiweka hujitokeza penyewe. Wengi wetu tunaanza na "wapi wanatoa riba kubwa", na ndiyo maana ada ya Januari inatukuta pesa zimefungwa mahali zisipotoka.

Kipato changu ni kidogo na kinaisha kabla ya mwezi. Akiba nitaitoa wapi?

Kabla ya kupunguza chochote, andika kila shilingi inayotoka kwa mwezi mmoja. Daftari la kawaida linatosha. Nauli na chakula utazikuta ulivyotegemea. Kitakachokushtua ni bando, makato ya kutoa pesa kidogo kidogo kwa wakala, na vile vya "nikopeshe buku tano nitarudisha kesho". Mtu anayetoa elfu kumi mara nane kwa mwezi analipa makato mara nane.

Mwenye mshahara aondoe akiba siku ileile pesa inapoingia, hata kama ni elfu ishirini, kisha aishi na kinachobaki. Ukisubiri kuweka kitakachosalia, hakisalii kitu. Anayepata kila siku, kama dereva wa bodaboda au mama ntilie, afuate siku na siyo mwezi. Bodaboda akishatoa hesabu ya bosi na mafuta, akatenga 2,000 kwa siku 26 za kazi, ana 52,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 624,000. Hiyo ni kodi ya miezi sita ya chumba cha laki moja, ileile ambayo watu hukimbilia kukopa mwenye nyumba anapogonga mlango.

Kibubu kina ubaya gani?

Hakina makato na hakihitaji mtandao, na kukivunja kunauma, ambalo ni jambo zuri. Ubaya wake ni mwizi, moto na ndugu wanaojua kilipo. Kitumie kukusanyia chenji za wiki, halafu kila Jumamosi peleka zilizomo mahali salama. Usikae nacho mwaka mzima.

Pesa ya dharura iwe kiasi gani, na ikae wapi?

Utasikia watu wakisema matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Ni lengo zuri, ila kwa anayeanza linakatisha tamaa. Lenga laki moja kwanza. Laki moja inamfikisha mtoto hospitali usiku na kununua dawa bila kupiga simu kwa watu saba. Ikifika, lenga matumizi ya mwezi mmoja, kisha mitatu.

Iweke mahali unapoweza kuitoa ndani ya siku moja hadi tatu, lakini isikae kwenye laini unayonunulia bando. Laini ya pili isiyo kwenye simu yako ya kila siku inafaa, na akaunti ya benki isiyo na kadi inafaa vilevile. Pesa ya dharura haitafutiwi faida. Kazi yake ni kukuepusha na mkopo mbaya, na hiyo ni faida kubwa kuliko riba ya benki yoyote.

Mchezo hauna riba. Kwa nini watu bado wanaupenda?

Kwa sababu mchezo, yaani kuchanga na kupeana pesa kwa zamu, unakulazimisha. Ukiamua peke yako kuweka 50,000 kila wiki, wiki ya tatu kuna msiba na unaruka. Ukiwa na wenzako tisa wanaosubiri pesa yako, hauruki.

Tuchukue watu kumi, kila mmoja 50,000 kwa wiki. Kila wiki mmoja anapokea 500,000, na baada ya wiki kumi kila mtu ametoa na kupokea kiasi kilekile. Lakini namba za kupokea hazilingani thamani. Aliyepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake bila riba, na wa kumi ndiye aliyekuwa anawakopesha wote. Mimi sipendi kupanga namba kwa kuchagua vikaratasi. Kaeni mwambizane mahitaji: nani ana ada, nani kodi inaisha, nani anataka kununua cherehani. Asiye na haraka akae nyuma, mzunguko unaofuata asogee mbele.

Hatari inajulikana: mtu anapokea namba ya pili, kisha simu haipatikani. Basi mgeni apewe namba za mwisho mpaka afahamike. Michango itumwe kwa simu ili ujumbe ubaki kuwa ushahidi. Mzunguko uwe mfupi, maana mchezo wa watu 40 unachukua muda mrefu na katika muda huo mengi hubadilika, kazi zinapotea na watu wanahama. Na kijumbe, anayekusanya na kukabidhi, awe mtu ambaye mnajua nyumbani kwake.

Kikoba kinatofautianaje na mchezo?

Kwenye mchezo pesa haikai, inapita mkono kwa mkono. Kwenye kikoba mnanunua hisa, pesa inaingia sandukuni, wanachama wanakopa na kurudisha na riba, na mwisho wa mwaka mnavunja na kugawana. Mfumo wa vikundi vya aina hii ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na leo uko karibu kila mtaa wetu.

Kikoba kizuri unakijua ukihudhuria kikao kimoja tu. Jumapili saa kumi jioni, uani, sanduku la chuma lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na mwenye kutunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kabla halijafunguliwa, wanachama wanataja salio la kikao kilichopita, kwa sababu kila mtu alitakiwa kulikariri. Pesa zinahesabiwa hadharani na kutajwa kwa sauti. Kila hisa inagongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, hivyo hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake. Kuna na mfuko wa jamii pembeni, kiasi kidogo kila kikao, kwa ajili ya msiba na ugonjwa, na pesa yake haichanganywi na ya hisa. Ukienda kikao ukakuta mtu mmoja ana daftari, ana ufunguo na ndiye anayetangaza salio, ondoka.

Kuna vikundi vinavyotumia simu badala ya sanduku. M-Koba, iliyoanza 2019, inawaruhusu wanachama wote kuona kinachoingia na kinachotoka. Kwa marafiki waliotawanyika mikoani inasaidia sana, ingawa kikao cha ana kwa ana kina uzito wake: ni vigumu kumdanganya mtu mliyekaa naye mkeka mmoja.

Mwisho wa mwaka tulipata faida nono. Ilitoka wapi?

Ilitoka kwenu wenyewe, na hapa ndipo marafiki wengi hawafanyi hesabu. Tuseme hisa ni 5,000 na mwaka mzima zimenunuliwa hisa 4,000, sawa na milioni 20. Riba za mikopo na faini zimeleta milioni 4. Sandukuni kuna milioni 24, kila hisa sasa ni 6,000. Wewe mwenye hisa 200 uliweka milioni moja, unaondoka na 1,200,000. Umepata laki mbili.

Sasa rudi nyuma. Kama mwezi wa tano ulikopa 500,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi na ukarudisha baada ya miezi mitatu, ulilipa riba 150,000. Faida yako halisi ni 50,000. Aliyekopa mara tatu kwa ajili ya sherehe huenda alitoka na hasara huku akishangilia mgao. Kukopa kikobani si kosa. Kopa kwa kitu kitakachorudisha zaidi ya riba, au kwa dharura ambayo ingekupeleka kwa wakopeshaji wabaya zaidi.

Kuna jambo la pili. Hisa iliyonunuliwa wiki ya mwisho inapata mgao sawa na ya wiki ya kwanza, ingawa haikufanya kazi yoyote. Ndiyo maana vikundi vyenye katiba nzuri vinaweka kikomo cha hisa kwa kikao, mara nyingi moja hadi tano. Bila kikomo, mwenye pesa anasubiri mwezi wa kumi na moja, ananunua hisa lundo na kula jasho la wenzake. Kama katiba yenu iko kimya kuhusu hili, lisemeni kabla ya mwaka mpya wa kikundi.

Lazima tusajili kikundi?

Kama mnawekeza na kukopeshana, ndiyo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi vya kijamii daraja la nne, na usajili unafanyika halmashauri. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mtahitaji katiba, majina ya wanachama na viongozi. Mkisajiliwa mnaweza kufungua akaunti ya kikundi, na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba ile mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu.

UTT ni kitu gani? Kila mtu ananiambia niweke huko.

UTT AMIS ni taasisi ya serikali inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Pesa zenu zinakusanywa, zinawekwa kwenye hati fungani (mikopo ambayo serikali au kampuni hukopa kwa watu na kuwalipa riba), amana za benki na hisa, na wewe unamiliki vipande. Thamani ya kipande inatangazwa kila siku ya kazi. Mfuko wa kwanza, Umoja, ulianza 2005. Mfuko wa Ukwasi ndio unaozungumzwa sana kwa sababu hauna gharama ya kujitoa na pesa inarudi ndani ya siku chache za kazi. Mfuko wa Hati Fungani ulioanza 2019 una mpango wa kutoa gawio kwa vipindi kwa waliofikisha kiwango kinachotakiwa.

Kwa pesa ya miezi sita hadi miaka michache, naona ni mahali pazuri, na pesa ya dharura ikishavuka kiasi cha kukimbilia usiku inaweza kukaa Ukwasi. Ila elewa mambo mawili. Faida ya mwaka jana si ahadi ya mwaka huu. Na pesa ya kesho asubuhi usiiweke huko, kwa sababu kutoa kunachukua siku.

Hati fungani ni za matajiri tu?

Hapana. Mnada wa hati fungani za serikali unaendeshwa na Benki Kuu na kiwango cha chini ni milioni moja. Unafunguliwa akaunti maalumu ya hati kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, na riba inalipwa kila miezi sita. Ukiweka milioni 10 kwenye hati ya asilimia 12 kwa mwaka, kila nusu mwaka unaingiziwa 600,000.

Hati zina miaka 2, 5, 7, 10, 15, 20 na 25. Viwango hubadilika: Aprili 2022 riba ya hati mpya za miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, na waliokuwa wameshanunua za zamani wakabaki na riba yao. Ukitaka pesa yako kabla ya muda unaiuza hati sokoni, na bei inaweza kuwa juu au chini ya uliyonunulia. Kwa hiyo hii ni pesa ya uzee, au ya chuo cha mtoto aliye darasa la kwanza sasa. Mtu anayejenga mwaka ujao asiiguse.

Benki ikianguka, pesa yangu inapotea?

Bodi ya Bima ya Amana inamlipa mteja hadi 7,500,000 kwa benki moja. Ukiwa na zaidi ya hapo, gawanya benki mbili. Kinga hiyo haihusu kikoba wala mchezo.

Mimi Muislamu, riba siitaki. Nina njia gani?

Mchezo uko wazi kwako, hauna riba. Kikundi mnaweza kukiendesha bila riba kwa kununua bidhaa na kuuziana kwa faida iliyokubaliwa, au kwa kufanya biashara ya pamoja na kugawana faida na hasara. Amana Bank, iliyoanza 2011, inaendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, na Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) ina huduma hizo pia. Mifuko inayonunua hati fungani muulize mwalimu wako wa dini kabla hujaingia. Usikubali rafiki akutolee fatwa kwa sababu yeye ameshaweka pesa huko.

Nimebanwa. Nichukue mkopo wa programu ya simu?

Pole kwanza. Sasa hesabu. Unachukua 100,000 na kuambiwa urudishe 130,000 baada ya siku 30. Hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi. Wakopeshaji wa daraja la pili (wasiopokea amana) wenye leseni wamewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa hiyo anayekutoza 30 ama hana leseni ama ameificha riba kwenye "ada ya huduma". Uliza jambo moja tu: mkononi napokea kiasi gani, na jumla narudisha kiasi gani? Tofauti ya hizo mbili ndiyo gharama yako, waiite jina lolote.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Nyingi za aina hiyo zinaomba kusoma majina yote kwenye simu yako, na ukichelewa wanawatumia ujumbe mama mkwe, bosi na jirani kwamba wewe ni tapeli. Huo ni udhalilishaji, na nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hifadhi ujumbe wote, upige picha, upeleke malalamiko. Na tafadhali usikope programu ya pili kulipa ya kwanza. Waambie marafiki mapema. Afadhali aibu ya jioni moja kuliko mkopo wa kausha damu wa mwaka mzima.

Ukishajinasua, orodhesha madeni yote na ulipe kwanza lenye riba kubwa zaidi, hata kama ni dogo. Hakuna mahali halali pa kuweka akiba panapolipa asilimia 30 kwa mwezi, kwa hiyo kulimaliza deni hilo ndiyo akiba bora uliyonayo.

Kuna jamaa anasema ukiweka laki unapata laki na nusu baada ya wiki mbili. Ameshalipwa mara mbili.

Kulipwa kwake ndiyo chambo. Wa kwanza hulipwa kwa pesa za wanaoingia nyuma, na wanaoingia nyuma ni nyinyi aliowaletea habari. Tuliliona kwa mpango wa upatu wa DECI mwaka 2009: watu walipanda "mbegu" wakiahidiwa mavuno, wakauza vitu vya ndani ili wapande, kisha serikali ikaifunga na wengi hawakuona tena pesa zao. Siku hizi inakuja kwa jina la programu ya kutazama video, au roboti ya kuuza na kununua sarafu. Uliza biashara ni ipi na nani aliyewapa leseni. Wakikujibu "usipoteze nafasi", umeshajibiwa.

Rafiki anataka nimkopeshe. Nisimuudhi vipi?

Mpe kiasi ambacho kisiporudi hamtagombana. Akiomba laki mbili na wewe unaweza kupoteza 40,000 bila kulala njaa, mwambie: "Ndugu yangu, kukopesha siwezi, ila hii elfu arobaini chukua, usirudishe." Kama ni kiasi kikubwa, andikeni tarehe ya marejesho na awepo shahidi. Rafiki mkweli hatachukia karatasi.

Michango ya harusi inanimaliza.

Weka fungu la michango la mwaka, mfano 300,000, na uligawe kwa uzito wa watu wako. Ukipewa kadi, ahidi kiasi utakachotoa kweli. Fungu likiisha Septemba, mwambie mwenye shughuli mapema kwamba utakuja kusaidia kazi, kuosha vyombo na kupokea wageni. Hiyo nayo ni mchango, na waliowahi kuandaa shughuli wanajua thamani yake.

Nafanya kazi Muscat, natuma pesa nyumbani wanijengee. Nifanyeje zisipotee?

Fungua akaunti kwa jina lako mwenyewe kabla hujaondoka au unapokuja likizo, na sehemu ya kila mshahara iingie huko moja kwa moja. Pesa ya ujenzi itume kwa hatua: msingi, kisha picha na risiti, kisha tofali za kuta. Pesa ya matumizi ya mama itume kwa mama, pesa ya ujenzi kwa mtu mwingine. Zikienda kwa mtu mmoja, ugonjwa wa mtoto utalipwa na saruji yako, na hutaweza kumlaumu aliyefanya hivyo. Kiwanja kikaguliwe ofisi ya ardhi na serikali ya mtaa, na hati ya mauziano iwe na jina lako, siyo la kaka "kwa sababu uko mbali".

Nikifa, pesa hizi zote nani atazijua?

Andika kwenye karatasi moja: benki gani, laini zipi, kikoba gani na mwenyekiti wake, vipande vya UTT, nani unamdai na nani anakudai. Usiandike namba za siri. Mwambie mtu mmoja unayemwamini karatasi ilipo, na kila fomu yenye sehemu ya mrithi ijaze, ikiwemo ya kikoba. Kwa kawaida familia itatakiwa kuwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha mahakama imteue msimamizi wa mirathi ndipo benki itoe pesa. Hilo huchukua muda, na mkiwa na karatasi hiyo angalau hawataanza kwa kubahatisha benki moja baada ya nyingine.